Namna ya Kuandaa Siku ya Kumbukumbu ya Amani na Haki za Binadamu Kigoma: Hatua kwa Hatua

Kila zinapokaribia Juni 20, Septemba 21 au Desemba 10, maswali huwa ni yale yale. Tuchukue tarehe ipi? Barua ya kwanza iende kwa nani? Wakimbizi wanaruhusiwa kuja mjini kuzungumza? Mgeni rasmi apewe dakika ngapi? Na hayo maazimio ya Umoja wa Mataifa yanamhusu nini mvuvi wa Kibirizi au mama muuza mawese wa Gungu?

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandaa kwa mara ya kwanza: mwalimu wa sekondari, kiongozi wa kikundi cha vijana, mtendaji wa mtaa, kamati ya msikiti au parokia. Vipimo vyote vimepigwa kwa watu 300. Ukitegemea watu 100, gawa vifaa kwa tatu, lakini muda wa maandalizi uache ulivyo.

Jambo moja litangulie mengine yote. Kumbukumbu ina kazi ya kuwafanya watu waondoke wakijua kwa usahihi nini kilitokea, kilimgusa nani, na nini bado hakijatimizwa. Fulana, muziki na picha na viongozi ni nyongeza. Kila unapobanwa na fedha au muda, kata nyongeza, usikate hiyo kazi.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Muda wa wiki 8. Ukitaka wazungumzaji kutoka kambini, anza wiki 12 kabla.
- Kamati ya watu 7: mwenyekiti, katibu, mhazini, mtu wa itifaki, mtu wa uwanja na vyombo, mtu wa afya na usalama, na mhakiki wa historia. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika zaidi na ndiye wa lazima kuliko wote. Mwalimu wa historia anafaa.
- Daftari la vikao, barua zenye kichwa cha taasisi yenu, na muhuri.
- Viti 300, maturubai ya kuwatosha, meza 6.
- Spika 2 za jukwaani, maikrofoni 3 (moja iwe ya waya), betri mpya za zile zisizo na waya.
- Jenereta ya kVA 5, petroli lita 15, waya wa kurefushia umeme mita 50 wenye unene wa milimita za mraba 2.5.
- Maji safi ya kunywa lita 300, na lita 200 nyingine za kunawia mikono, pamoja na sabuni.
- Vyoo matundu 6 yanayofanya kazi: 4 ya wanawake, 2 ya wanaume, na angalau moja linaloingilika kwa kiti cha magurudumu.
- Sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia.
- Kengele ya mkono na saa yenye mshale wa sekunde.
- Asilimia 10 ya bajeti iliyotengwa kwa dharura na haiguswi mpaka siku yenyewe.

## Hatua ya 1: Chagua tukio moja

Kosa la kwanza la waandaaji wapya ni kutaka kukumbuka kila kitu kwa siku moja: amani, wakimbizi, watoto, wanawake, mazingira. Hadhira huondoka mikono mitupu. Chagua tukio moja lenye tarehe. Haya ndiyo yanayofaa zaidi kwa mkoa wetu:

Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, miaka 50 baada ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kabla ya hapo tarehe hiyo ilikuwa siku ya wakimbizi wa Afrika, na ndiyo tarehe ambayo Mkataba wa Wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 ulianza kutumika, mwaka 1974.

Agosti 28, Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi. Ulisainiwa mwaka 2000. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi mpaka alipofariki Oktoba 14, 1999, kisha Nelson Mandela akapokea kazi hiyo.

Septemba 21, Siku ya Kimataifa ya Amani. Ilianzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1981.

Oktoba 21, siku ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mkataba ulianza kutumika tarehe hiyo mwaka 1986. Mahakama inayousimamia ipo Arusha, nchini mwetu.

Oktoba 24, Siku ya Umoja wa Mataifa. Katiba ya Umoja huo ilianza kutumika tarehe hiyo mwaka 1945.

Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris mwaka 1948.

Juni 12, kwa wenye hamu na ziwa: mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilisaini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza kwa pamoja Ziwa Tanganyika. Hii haifahamiki kabisa mitaani, wakati ni ushirikiano wa kimataifa unaoonekana kwa macho kutoka ufukweni.

Kabla ya kuamua, angalia kalenda ya shule na mvua. Juni 12 na 20 kwa kawaida huangukia likizo ya katikati ya mwaka, na Desemba 10 shule zimeshafungwa au ziko mbioni kufungwa, tena ni kesho yake ya sikukuu ya Uhuru, ofisi nyingi zimelala. Desemba ni katikati ya mvua pia. Kama wanafunzi ndio hadhira yako kuu, Septemba 21 na tarehe mbili za Oktoba ndizo bora. Kwa Septemba, uliza shule kuhusu mtihani wa darasa la saba kabla ya kuwahesabu walimu.

## Hatua ya 2: Lifunge tukio na mahali pa hapa

Mtu wa Ujiji hatashikwa na Paris. Atashikwa na pale anapopita kila siku. Kwa kila tukio tafuta sehemu moja ya Kigoma inayolibeba.

Ukichukua Juni 20, unayo Mei 2015. Machafuko ya Burundi yaliwavusha makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa mji, kilichofikika kwa maji tu. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali kidogo na ufukwe, boti ndogo zikawapeleka watu melini, na meli ikawaleta bandari ya Kigoma. Wengi walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kipindupindu kilizuka na kuua. Meli hiyo hiyo mwaka 1997 ilikuwa imewarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo. Kwa hadithi hiyo moja, mkataba wa 1951 unapata sura, sauti na bandari.

Ukichukua Desemba 10, nenda Ujiji. Ibara ya 4 ya Tamko inakataza utumwa, na Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Wenyeji wengi wamezoea kuieleza Ujiji kama mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwishoni mwa 1871 na kuishia hapo. Usiishie hapo. Waliotembezwa kwa minyororo ndio wenye kumbukumbu hii.

Ukichukua Agosti 28, kumbuka kwamba Mkataba wa Arusha uliwagusa watu unaoishi nao: waliokimbia Burundi mwaka 1972, waliokimbia baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na waliorudi. Wa mwaka 1972 waliowekwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa fursa ya uraia, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipata uraia wa Tanzania. Hilo ni jambo kubwa katika historia ya ukimbizi duniani, na watoto wetu hawafundishwi vya kutosha.

## Hatua ya 3: Hakiki kila tarehe kabla haijachapishwa

Mpe mhakiki rasimu ya kila risala, bango na maelezo ya mshereheshaji. Hakuna kinachokwenda kuchapwa bila saini yake. Makosa yanayojirudia ni haya:

- *"Tamko la Haki za Binadamu lilisainiwa na nchi zote."* Halikusainiwa. Lilipigiwa kura: nchi 48 ziliunga mkono, 8 hazikuegemea upande wowote, hakuna iliyopinga. Lina ibara 30.
- *"Tanzania ilishiriki mwaka 1948."* Haikuwa nchi huru. Tanganyika iliingia Umoja wa Mataifa Desemba 14, 1961, Zanzibar Desemba 16, 1963, na Muungano ulikuja Aprili 26, 1964.
- *Mkataba wa Arusha.* Iko miwili. Wa Agosti 4, 1993 ulihusu Rwanda. Wa Agosti 28, 2000 ulihusu Burundi. Kosa hili, mbele ya Mrundi au Mnyarwanda aliyepoteza ndugu, linaumiza.
- *Katiba ya Umoja wa Mataifa.* Ilisainiwa San Francisco Juni 26, 1945. Ikaanza kutumika Oktoba 24.
- *Idadi ya wakimbizi.* Hubadilika kila mwezi. Kama huna takwimu yenye tarehe na chanzo, usiitaje. Sema "maelfu", inatosha.

## Hatua ya 4: Barua na vibali

Hapa ndipo shughuli nyingi hufia. Peleka barua kwa mkono, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, andika jina la aliyepokea. Mpangilio ni huu:

1. Mwenyekiti wa mtaa na Mtendaji wa Kata, wiki 8 kabla. Ukiwaruka, kila ofisi ya juu itakurudisha kwao.
2. Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji (au wa halmashauri yako kama uko Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza), kwa ajili ya uwanja. Nakala iende kwa Afisa Utamaduni na Afisa Maendeleo ya Jamii.
3. Katibu Tawala wa Wilaya, kumwomba Mkuu wa Wilaya awe mgeni rasmi. Ambatisha ratiba ya ukurasa mmoja na dakika alizopangiwa.
4. OCD (Mkuu wa Polisi wa Wilaya), taarifa ya mkusanyiko. Sheria inataka taarifa ya maandishi isiyopungua saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Wewe peleka siku 14 kabla, ili kama kuna swali upate muda wa kulijibu.
5. Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kama unataka watu kutoka kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, au kama ninyi mnataka kuingia kambini. Anza wiki 12 kabla, na pitia kwa mkuu wa kambi.

Tahadhari. Usimsafirishe mkimbizi hata mmoja bila kibali cha kutoka kambini mkononi mwake, hata kama ni rafiki yako na hata kama "ni kwa siku moja tu". Akikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, anayeadhibiwa ni yeye.

Katika barua zote andika wazi kwamba shughuli si ya chama chochote, na sare na bendera za vyama haziingii. Lisimamieni hilo getini.

Nembo ya Umoja wa Mataifa au ya mashirika yake usiichapishe kwenye bango au fulana bila ruhusa ya maandishi. Kuwaalika hakukupi haki ya nembo yao.

## Hatua ya 5: Wenye ushuhuda

Soma hatua hii mara mbili, maana ukikosea hapa unamjeruhi mtu.

Tafuta wazungumzaji wawili, wasizidi watatu. Mmoja awe aliyepitia tukio lenyewe. Mwingine awe mwenyeji aliyepokea: mwenye boti aliyevusha watu Kagunga, mama aliyepika uji uwanjani, muuguzi wa zamu ile. Watu wa Kigoma wamepokea wageni kwa miongo mingi wakigawana nao visima na mashamba, na ni nadra kupewa maikrofoni kulieleza hilo, pamoja na ugumu wake.

Mtembelee kila mmoja mara mbili kabla ya siku. Mara ya kwanza usichukue daftari. Kama ni mzee, mwamkie kama mzee, keti, eleza shughuli ni ya nini, nani watakuwepo, na kwamba anaweza kukataa leo, kesho au akiwa tayari jukwaani. Mara ya pili mkubaliane maswali matatu:

- Maisha yalikuwaje kabla?
- Nani alikusaidia, na alifanya nini?
- Ungependa vijana waliokaa hapa wajue nini?

Usiulize jinsi ndugu zake walivyouawa. Usiulize kabila. Usimwombe ataje majina ya waliomtenda. Akiyasema mwenyewe ni hiari yake, wewe usimsukume.

Ridhaa ni nne tofauti, ziulize moja moja: kuzungumza, kupigwa picha, kurekodiwa, kuwekwa mtandaoni. Aliyekubali kusema hajakubali kupigwa picha. Ziandike, asaini au aweke dole gumba, abaki na nakala. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi asaini pia. Na kwa maoni yetu mtoto asiitwe kabisa kusimulia vurugu mbele ya umati. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, kwa hiyo picha na maelezo ya mtu si mali yako ya kusambaza utakavyo.

Lugha: Mrundi na Muha wataelewana bila shida kubwa, lakini Mbembe au Mfuliru kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, huenda akahitaji mkalimani. Kumbuka ukalimani huzidisha muda mara mbili, dakika 6 zinakuwa 12. Mkalimani asiwe afisa wa serikali wala jirani mwenye ugomvi naye.

Nauli iwe sawa kwa wazungumzaji wote wa umbali mmoja, itolewe kabla hawajapanda jukwaani, ili isionekane ni malipo ya machozi. Weka kiti, maji na mtu wa kukaa naye baada ya kushuka. Siku ya pili mpigie au mtembelee tena. Namba ya Afisa Ustawi wa Jamii iwe kwenye simu ya katibu tangu mapema.

## Hatua ya 6: Mabango ya maonyesho

Mabango 6 yanatosha. Ukubwa wa A1 (milimita 594 kwa 841), yachapwe kwenye flex (kitambaa cha plastiki cha mabango), yawe na macho ya chuma pembeni kila sentimita 30. Kichwa cha habari herufi za pointi 72 au zaidi, maelezo pointi 28, na maneno yasizidi 100 kwa bango. Yakizidi, hakuna atakayesoma amesimama juani. Funga kwenye fremu za mbao, katikati ya bango iwe kimo cha sentimita 140 kutoka ardhini. Kama wengi ni watoto wa msingi, shusha hadi 115.

Kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu ziwani, na bango lililoning'inizwa kwa kamba mbili tu huchanika kabla ya saa sita mchana. Funga pembe zote nne na kila jicho la katikati, na miguu ya fremu ishikiliwe kwa mifuko ya mchanga.

Mfano wa mpangilio kwa Juni 20: bango la 1, mkataba wa 1951, la 2, mkataba wa Afrika wa 1969, la 3, waliokimbia Burundi mwaka 1972 na uraia wa 2014, la 4, Wakongo wa 1996 na kufunguliwa kwa Nyarugusu, la 5, Kagunga na MV Liemba 2015, la 6, ramani ya ziwa na nchi zake nne, bila maneno mengi. La 6 ndilo watu husimama nalo kwa muda mrefu na kuonyeshana walikotoka, kwa hiyo liwekwe penye nafasi.

Picha: usitumie sura ya mkimbizi anayetambulika uliyoitoa mtandaoni. Meli, ufukwe, hema, jengo, ramani vinatosha.

## Hatua ya 7: Ratiba

Saa moja na dakika arobaini na tano. Isizidi. Hii hapa imeshakamilika, badilisha majina tu:

- 2:00 asubuhi: mabango wazi, watu wanafika
- 3:00: Wimbo wa Taifa na wa Afrika Mashariki
- 3:05: dua na sala, dakika 2 kila dini
- 3:10: tukio lenyewe, anaeleza mhakiki, dakika 10
- 3:20: ushuhuda wa kwanza
- 3:32: ngoma
- 3:40: ushuhuda wa pili
- 3:52: dakika moja ya ukimya
- 3:55: ngonjera au igizo la wanafunzi
- 4:05: ibara tano zinasomwa na watu watano
- 4:15: risala ya waandaaji
- 4:25: mgeni rasmi, dakika 15
- 4:40: shukrani
- 4:45: mabango tena, chakula kama kipo

Kwa usomaji, chukua ibara ya 1, 4, 13, 14 na 26 za Tamko: usawa, utumwa, kuondoka na kurudi nchini mwako, kuomba hifadhi, elimu. Kila moja isomwe na mtu wa kazi tofauti: mvuvi, mwanafunzi, muuguzi, mkulima, mzee. Wapeni karatasi siku tatu kabla wakajizoeze kwa sauti. Ibara ya 1 inaanza: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Mtu akiisoma polepole, hakuna haja ya hotuba juu yake.

Mshereheshaji ataje itifaki yote mara moja tu mwanzoni. Wengine wote waseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Mweleze kila mzungumzaji hilo kabla, pamoja na alama ya kadi ya njano ikibaki dakika 2 na nyekundu muda ukiisha.

Risala isomwe kurasa mbili tu, na iwe na ombi moja linalotekelezeka. "Tunaomba kibao cha maelezo kiwekwe bandarini" linajibika. "Tunaomba amani idumu" halimpi kiongozi kazi ya kufanya.

## Hatua ya 8: Uwanja, sauti, maji

Jaribu sauti siku moja kabla, saa ile ile ya shughuli. Spika zikae mbele ya maikrofoni, kamwe si nyuma yake, la sivyo utapata mluzi. Mtu asimame safu ya mwisho aseme kama anasikia kila neno.

Jenereta ikae mita 30 kutoka kwenye hadhira, upande upepo unakoelekea, na iwashwe dakika 15 siku moja kabla. Kwa mzigo wa kawaida hutumia takriban lita 2 kwa saa. Kujaza petroli ikiwa inawaka ni marufuku.

Kipindupindu si hadithi ya mbali hapa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na yawe kwenye ndoo zenye koki. Mkipika, toeni chakula cha moto tu. Migebuka na ugali vinaliwa vikitoka jikoni, visikae juani tangu asubuhi.

## Hatua ya 9: Bendera na dakika ya ukimya

Bendera ya Taifa hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni. Kijani iwe juu upande wa mlingoti, buluu chini. Isiguse ardhi, isiwe kitambaa cha meza, isiwe imechanika. Ukiweka za nchi nyingine, ziwe na ukubwa mmoja na kimo kimoja, kila moja na mlingoti wake. Kama unazo tatu kati ya nne za nchi za ziwa, usiweke hata moja mpaka upate ya nne, isipokuwa ya Tanzania.

Dakika ya ukimya ina mpangilio wake. Mshereheshaji aseme ni kwa ajili ya nani, kwa sentensi moja. Watu wasimame. Kengele igongwe mara moja. Sekunde 60 kamili kwa saa, bila muziki na bila maikrofoni kuachwa ikivuma. Kengele tena. Wapiga picha wakae chini. Watoto waelezwe kabla, na waendesha bodaboda wa kijiweni karibu waombwe mapema. Wakiombwa vizuri, huzima.

## Hatua ya 10: Siku saba baada ya hapo

Rudisha vifaa vya watu kesho yake. Ndani ya siku saba andika ripoti ya kurasa mbili: nani walikuja, nini kilisemwa, fedha zilikwendaje. Rekodi za sauti zipe majina yanayoanza na tarehe, nakili kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Nakala ya ripoti na mabango ipelekwe shuleni na ofisi ya kata. Kabla ya kuweka ushuhuda wowote mtandaoni, mrudie mwenyewe, msikilize pamoja, muulize tena. Wengi hukubali siku ya shughuli na kubadili nia wakishatulia, haki yao.

## Mambo yakienda mrama

Mgeni rasmi amechelewa. Kubaliana na ofisi ya Katibu Tawala mapema kwamba mabango, maelezo ya tukio na ushuhuda vitaanza saa 3 hata kama hajafika, na nyimbo zitaimbwa akishaingia. Bila makubaliano hayo utasubiri, na wazee watakuwa juani.

Mvua imeanguka. Sogeza watu wote katikati ya turubai, kata ngoma na igizo, acha ushuhuda na usomaji. Waya wote wa umeme uinuliwe juu ya ardhi kabla ya kuendelea. Kama hauwezi kuinuliwa, zima, tumia sauti ya mdomo.

Maikrofoni inakatika. Mara nyingi ni betri. Badilisha zote kabla ya kuanza, na usipoteze dakika tano ukihangaika: mpe mzungumzaji ile ya waya.

Shahidi analia na hawezi kuendelea. Msindikizaji wake apande, amuulize kwa sauti ndogo kama anataka kupumzika au kushuka. Mshereheshaji asiseme "jikaze" na asipige makofi ya kumtia moyo. Aseme "tunamshukuru" na kupitisha kwenye ngoma.

Mzungumzaji anageukia siasa au anatukana kabila. Kadi nyekundu mara moja, maikrofoni izimwe, mwenyekiti aombe radhi kwa sentensi moja, ratiba iendelee. Mtu wa sauti awe ameshaelekezwa nani ndiye anayempa ishara.

Mtu anasimama kupinga tarehe au takwimu. Mhakiki amjibu akiwa na karatasi yake mkononi. Akiwa hana jibu, aandike swali na jina, apeleke jibu ndani ya wiki.

Watu ni 60 badala ya 300. Ondoa viti vilivyo wazi, sogeza waliopo mbele, shusha wazungumzaji kutoka jukwaani wakae usawa wa hadhira. Ushuhuda husikika vizuri zaidi hivyo.

Kibali cha wakimbizi kimekataliwa wiki moja kabla. Usibishane na usitafute njia ya pembeni. Nafasi ya kwanza mpe mwenyeji aliyepokea, ya pili raia mpya wa asili ya Burundi kama yupo na ameridhia. Kisha omba kwa maandishi ruhusa ya shughuli ndogo ndani ya kambi mwezi unaofuata, mkabebe mabango yale yale sita.